Kununua Fowili Ndogo Kuukuu Mwambao wa Rumonge

Barabara ya Taifa Namba 3 hutoka Bujumbura kuelekea kusini ikiwa imebanwa baina ya milima na Ziwa Tanganyika. Hupita Kabezi, Gitaza, Magara na Minago, hata ikafika Rumonge baada ya kilomita zipatazo 75, kisha huambaa na mwambao mpaka Nyanza-Lac. Si njia ya kudharauliwa. Mwaka 2015 mvua ziliporomosha mlima huko Gitaza, udongo na mawe yakaikata. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda, maji yakaingia katika bandari ya Rumonge na katika nyumba zilizo karibu na ufuko. Kipande cha kilomita 45 baina ya Gitaza na Rumonge kiliidhinishiwa fedha za kutengenezwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018. Hata hivyo, vijia vinavyoacha barabara kuu na kuingia katika mashamba ya michikichi, au kupanda vilimani, ni vya udongo, na mvua za Machi na Aprili zinaposhika huwa utelezi mtupu.

Ndiyo sababu familia nyingi za mwambao huu hutamani motokaa ndogo iliyoinuka, yenye kuvutwa na magurudumu yote manne, ile ambayo mafundi huiita fowili. Mpya haikamatiki kwa mshahara wa askari wala wa mwalimu. Inayopatikana ni ile iliyokwisha kutumiwa Japani, ikashushwa Dar es Salaam, ikaingia Burundi na kupita mikono miwili mitatu kabla ya kuwekwa kibao cha kuuzwa.

Kwa wengi fedha ya kununulia hupatikana mara moja tu katika maisha. Wanajeshi wa Burundi walianza kwenda Somalia mwezi Desemba 2007 katika jeshi la Umoja wa Afrika, na kwa miaka mingi posho za huko zilijenga nyumba, zikanunua viwanja, ng'ombe na magari. Wengine hupata kwa upatu, wengine kwa mkopo unaokatwa katika mshahara miaka kadhaa. Akiba ya namna hiyo ikipotelea katika chuma kibovu hairudi, na aliyeipoteza atakuwa angali analipa mkopo wakati gari limewekwa juu ya matofali nyuma ya nyumba, kuku wakitaga ndani yake.

Kosa kubwa ni la hesabu. Mnunuzi hudhani kwamba bei ya gari ni ile anayoitaja muuzaji, akaikusanya yote, akaitoa yote, akarudi nyumbani na ufunguo mkononi na mfuko mtupu. Motokaa yenye umri wa miaka ishirini au ishirini na mitano itadai fedha katika miezi mitatu ya kwanza, hata kama ni nzima. Chukua kwa mfano nyumba ya askari polisi wa cheo cha chini, mkewe muuza ndagala kavu sokoni, watoto wanne, na bibi mzee wa kupelekwa hospitali kila mwezi. Akiba yao yote na igawanywe mafungu kumi. Saba ndiyo bei ya gari, wala yasizidi. Mawili ni ya matengenezo ya mwanzo. Moja ni la karatasi, yaani kubadilisha jina, bima na ukaguzi. Ikiwa gari wanalolitamani linameza mafungu tisa, basi hilo si gari lao, na afadhali watazame lililo chini yake.

Kabla hata ya hapo liko swali ambalo mama wa nyumba huliuliza mapema kuliko bwana: je, fowili inahitajiwa kweli? Nyumba iliyo kando ya lami, ambayo safari zake ni Rumonge hadi Bujumbura na kurudi, itahudumiwa vema na Corolla au Probox, kwa bei nafuu zaidi, matairi nafuu zaidi na petroli kidogo zaidi. Fowili inastahili gharama yake kwa mtu anayeishi juu ya mlima, au aliye na shamba ambalo madumu ya mawese hayatoki mvua zinaponyesha. Asiye na haja hiyo atalipia propela na difu ya nyuma ili azitembeze juu ya lami bure.

INJINI YENYE NDUGU WENGI

Katika magari madogo ya aina hii, Toyota RAV4 ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1994 na kutengenezwa hadi 2000, ingali mbele ya nyingine kwa mtu mwenye mfuko mwembamba wa mwambao huu. Sababu si uzuri wake, maana viti ni vyembamba na kelele za upepo ni nyingi. Sababu ni injini. Lita mbili zake, iitwayo 3S-FE, ndiyo iliyofungwa pia katika Carina, Corona na Caldina nyingi, magari ambayo mafundi wa Buyenzi, mjini Bujumbura, wamekuwa wakiyafungua na kuyafunga tangu ujana wao. Injini yenye ndugu wengi haikosi vipuri. Pampu ya maji ikifa Jumatatu, yamkini nyingine itapatikana kabla ya jua kutua, na kama si mpya basi iliyotolewa katika Corona iliyogongwa. Tena ina tabia moja njema: mkanda wake wa taimingi ukikatika njiani, injini huzimika lakini kwa kawaida pistoni hazigongi vali. Katika injini nyingine nyingi mkanda huo ukikatika ndiyo mwisho wa injini. Isidhaniwe kwa hayo kwamba mkanda uachwe uzeeke. Hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na asiyejua ulibadilishwa lini na aubadilishe.

RAV4 ya pili, ya mwaka 2000 hadi 2005, ni pana na tulivu zaidi, na vijana huipenda. Hapa mnunuzi na awe macho. Nyingi zilizouzwa Japani zina injini ya lita mbili iliyoandikwa D-4. Ndani yake petroli hupuliziwa moja kwa moja katika silinda kwa nguvu kubwa, na pampu yake haivumilii petroli chafu. Injini hiyo inafaa katika nchi ambayo kila kituo kina mafuta safi kila siku. Tangu mwaka 2021 Burundi imepita katika vipindi virefu vya uhaba wa petroli, watu wakinunua kwa chupa na madumu pasipo kujua kilichochanganywa ndani, na petroli ya namna hiyo huimaliza pampu ya D-4 upesi. Ile yenye injini ya lita 1.8 huvuta kwa magurudumu ya mbele peke yake, na nyingi za miaka hiyo hula oili. Fauka ya hayo, baadhi ya zile za 2001 hadi 2003 zenye giaboksi ya otomatiki ziliharibika kompyuta, gia zikaingia kwa mshtuko. Huko Marekani Toyota yenyewe ililazimika kurefusha dhamana kwa ajili ya hilo.

Suzuki Escudo, ambayo nje ya Japani huitwa Vitara, ilianza 1988 na ni gari la namna nyingine. Imejengwa juu ya chasisi ya ngazi kama lori, na ina mkono wa pili wa gia wenye gia nzito ya kupandia. Kwa mtu anayeishi kilimani hapana shaka ndiyo yenye nguvu zaidi, hasa ya lita 1.6. Lakini magurudumu ya mbele yasiunganishwe juu ya lami kavu, kwani hukaza viungo hata vikavunjika. Muuzaji wa zamani ambaye hakulijua hilo huwa amekwisha kulivuruga gari bila ya kuonekana.

Honda CR-V ya 1995 ina nafasi kubwa kuliko zote hizo na injini tamu. Udhaifu wake ni kwamba difu ya nyuma hutaka mafuta yake maalumu ya Honda, na fundi akitia mafuta ya kawaida huanza kunguruma kwenye kona. Daihatsu Terios ya 1997, lita 1.3, hunywa kidogo na huvutwa na magurudumu yote wakati wote, ila ni nyembamba, na ikijaa watu watano na magunia huhema vibaya mlimani. Suzuki Jimny ni imara mno, lakini ni gari la watu wawili na mizigo yao; familia ya watoto wanne itaachana nalo mwezi wa pili.

Kabla ya kuchagua, mnunuzi na aende kwa wauza vipuri awaulize bei ya vitu vitano: pampu ya maji, mkanda wa taimingi, shokapu za mbele, viatu vya breki, na ekseli ya mbele pamoja na mipira yake. Gari ambalo vitano hivyo havipatikani Buyenzi lisinunuliwe, hata likiwa linang'aa namna gani.

MAJI YA ZIWA NA MAJI YA SAMAKI

Uko ugonjwa ambao magari ya mwambao yanao kuliko ya Gitega au Ngozi, nao ni maji. Magari yaliyozama katika mafuriko hayakutupwa yote. Yalikaushwa, yakasafishwa, yakapakwa manukato, yakauzwa. Ili kuyatambua, vuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho wake: ule utepe ambao hautolewi kila siku utakuwa na alama ya maji au tope lililokauka. Inua zulia chini ya miguu ya abiria. Ingiza kidole chini ya viti, katika springi; kutu pale haiji kwa mvua ya dirishani. Tazama ndani ya vioo vya taa za mbele kama kuna ukungu. Kisha mwambie fundi afungue mafuta ya difu ya nyuma: yakiwa na rangi ya maziwa, gari lilisimama ndani ya maji, na hapo hakuna tena la kujadili.

Magari mengine hayakuzama ila yalifanya kazi ya sokoni. Fowili ndogo iliyobeba samaki wabichi miaka mitatu hunusa hata ikiogeshwa, lakini harufu si neno. Neno ni sakafu. Maji ya samaki, chumvi na magamba huingia katika maungio ya bati na kuyala kutoka ndani. Mlango wa nyuma ufunguliwe, stepni itolewe, na bati lililo chini yake ligongwe kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Lililoliwa hutoa sauti ya bubu.

Ukaguzi wa chini ni wa kulala chali, hakuna namna nyingine. Hapo ndipo itaonekana kwanza kama gari ni fowili kweli, maana RAV4 nyingi kutoka Japani zina sura ile ile lakini hazina propela wala difu ya nyuma, na baadhi ya wauzaji hawasemi wasipoulizwa. Kisha zitazamwe alama za kuchomelea. Chasisi iliyonyooshwa na kuchomelewa baada ya ajali hula matairi upande mmoja, na hakuna fundi atakayeiponya. Matairi manne nayo yatazamwe kama yanalingana ukubwa na uchakavu: gari linalovuta kwa magurudumu manne wakati wote, likivishwa matairi yasiyolingana, huchoma kiungo cha katikati kinachogawa nguvu. Ili kukijaribu, usukani na ukunjwe wote, gari lizungushwe polepole penye lami kavu. Likisita na kuruka kama limefungwa kamba, kiungo kimekufa.

Namba za kilomita kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake. Namba ya 90,000 hurudishwa kwa dakika chache. Kanyagio la breki lililolika, usukani uliolainika kama kibao cha chapati na kiti cha dereva kilichobonyea havirudishwi kwa urahisi huo. Gari lililoingia karibuni lina hati ya Japani ya kuruhusu kusafirishwa nje. Katika hati hiyo huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali ya huko. Muuzaji aliyeipoteza hati hiyo anaweza kuwa mkweli, lakini bei yake na ipungue.

MLIMA NDIO HAKIMU

Wauzaji wa Bujumbura na Rumonge hupenda kumpa mnunuzi gari alijaribu kando ya ziwa. Huko ni tambarare, upepo wa ziwa unapoza rejeta, na injini yenye gasketi iliyochoka hukimbia kama mpya. Jaribio la haki ni barabara ya kupanda kutoka Rumonge kwenda Bururi. Mji wa Bururi uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa ziwa, na mpando huanza mara tu tambarare inapokwisha. Gari lipakiwe watu wanne, lipandishwe nusu saa pasipo kupumzishwa, na jicho la fundi lisiondoke kwenye mshale wa joto. Mshale ukipita katikati na kuendelea kupanda, warudi. Ama rejeta imeziba, ama gasketi ya kichwa cha injini inavuja. Wakati wa kuteremka breki ndizo zinazohukumiwa: kanyagio likishuka chini kidogo kidogo, au usukani ukitetemeka, ni fedha nyingine.

Muuzaji anayekataa mlima amekwisha kulijibu swali.

Gari litazamwe asubuhi, injini ikiwa baridi, na mnunuzi aweke mkono juu ya boneti kabla ya kuwashwa. Likiwa limepashwa joto kabla hajafika, pana kitu kinachofichwa, aghalabu ugumu wa kuwaka au moshi wa buluu wa oili inayoungua. Kifuniko cha oili kifunguliwe: povu jeupe mfano wa mtindi ni maji yaliyochanganyika na oili. Oili iliyo nzito kupita kiasi, inayodondoka kama asali, huenda imetiwa makusudi ili kunyamazisha vyuma vilivyolegea.

Na fundi awe wa mnunuzi, alipwe na mnunuzi, hata kama ni binamu. Ujira wa fundi wa nusu siku ni mdogo kuliko kitu chochote kitakachoharibika baadaye. Fundi anayelipwa na muuzaji, au aliyeahidiwa "cha juu" gari likiuzwa, hana macho siku hiyo. Fundi mwema husema wazi: "Bwana, hili achana nalo," na aliyeambiwa hivyo mara tatu kwa magari matatu asimchukie wala asimwone mkorofi.

NAMBA NA KARATASI

Askari wanajua zaidi ya raia kwamba gari ni karatasi. Lakini askari hao hao, wakiwa wanunuzi, huona haya kumkagua muuzaji ambaye pengine walikuwa naye kikosini. Haya hiyo iwekwe kando. Namba ya chasisi iliyogongwa katika chuma, ambayo katika RAV4 ya kwanza iko kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, na ilinganishwe herufi kwa herufi na ile iliyoandikwa katika kadi ya gari, inayoitwa kwa Kifaransa carte rose. Namba iliyosuguliwa, iliyopakwa rangi mpya peke yake, au yenye tarakimu zisizosimama sawa, ni dalili ya wizi. Burundi ni mwanachama wa Interpol, na polisi wanaweza kuilinganisha namba hiyo na orodha ya magari yaliyoibwa ya nchi nyingi. Kwa askari si jambo la kumshinda, na gari la wizi likikamatwa nyumbani kwa askari huwa aibu juu ya hasara.

Liko na jaribu la gari la bei rahisi lenye namba za nchi jirani. Manyovu na Mugina hazipo mbali, na upande wa Kigoma gari huonekana nafuu kweli. Gari lililoingia kwa kibali cha muda halijalipiwa ushuru, wala haliwezi kuandikwa kwa jina la Mrundi kabla ya kulipiwa. Hesabu yake ni nzito. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na katika umoja wake wa forodha mwaka 2009. Ushuru wa pamoja wa gari la abiria linalotoka nje ya Jumuiya ni asilimia 25, na kodi ya ongezeko la thamani ya Burundi ni asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Gari ambalo forodha imelithamini kwa 100 linafika 147 na nusu kabla ya tozo nyingine. Anayeambiwa "ushuru utamaliziwa baadaye" anaambiwa kwamba atamalizia yeye.

Fedha zisitolewe zote siku ya kwanza. Sehemu itolewe kwa mkataba ulioandikwa, wenye mashahidi wa pande mbili, na kinachobaki kilipwe siku jina linapobadilishwa katika ofisi ya mapato, OBR. Jina lisipobadilishwa, ajali yoyote na faini yoyote itamfuata mwenye jina la zamani, na mwenye jina la zamani, au warithi wake, wanaweza kulidai gari. Mke na aandikwe katika mkataba, au walau awe shahidi. Bwana akihamishiwa kambi ya mbali, au likitokea lisilosemwa, mjane asije akakutwa na shemeji mlangoni akidai ufunguo.

USUKANI WA KULIA, NJIA YA KULIA

Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara, na magari ya Japani yana usukani upande huo huo wa kulia. Watu wamezoea, lakini mazoea hayaondoi hatari. Dereva aliye nyuma ya lori la mchanga haoni mbele mpaka atokeze gari zima katika njia ya wanaokuja. Kwenye kona za Magara, mlima ukiwa upande mmoja na ziwa upande wa pili, ni kubahatisha roho za waliomo. Asiyeona na akae nyuma ya lori hata lifike Minago. Mtoto naye asiteremkie mlango wa kushoto, kwani unafungukia katikati ya barabara.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni la taa. Taa za Japani zimekatwa ili mwanga wake upande upande wa kushoto, ambako huko ndiko kando ya barabara. Hapa kushoto ndiko wanakotoka wanaokuja. Kwa hiyo hata taa zikiwa za chini humchoma macho dereva wa pili, na mwendesha baiskeli mwenye mkungu wa ndizi hapo katikati haonekani na yeyote. Fundi mwenye ukuta na kipimo anaweza kuziteremsha. Taa zilizotengenezewa njia ya kulia ni bora zaidi zikipatikana.

WIKI YA KWANZA

RAV4 ya kwanza hutumia kama lita 9 hadi 11 kwa kilomita 100, hivyo safari ya kwenda Bujumbura na kurudi ni lita kumi na tano hivi. Nyumba na ijue hesabu hiyo kabla ya kujigamba kwa majirani. Wala petroli isiwekwe ndani kwa kuogopa uhaba. Dumu la plastiki lililofichwa chini ya kitanda, katika nyumba inayopika kwa makaa na kuwasha mshumaa umeme ukikatika, limekwisha kuunguza watu mahali pengi. Mvuke wa petroli hutambaa chini, hufuata moto ulipo.

Gari likishaletwa nyumbani, lile fungu la matengenezo lianze kazi bila ya kungoja kitu kiharibike. Oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zote zimwagwe, zitiwe mpya. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji vibadilishwe pamoja, kwa kuwa kazi ya kuvifikia ni moja. Rejeta ioshwe, itiwe maji ya rejeta yenyewe, si maji ya ziwa yaliyochotwa na ndoo. Mafuta ya breki yabadilishwe. Stepni, jeki na spana ya magurudumu vihakikishwe kuwa vipo na vinafanya kazi, na mama wa nyumba naye afundishwe kufungua gurudumu, kwa kuwa pancha haichagui siku ambayo bwana yuko likizoni.

Tarehe, kilomita na kilichobadilishwa viandikwe katika daftari la shule la kurasa 48, likae ndani ya gari. Mtoto wa darasa la tano anaweza kupewa kazi ya kuliandika kila Jumamosi, pamoja na lita zilizotiwa. Lita zikianza kuongezeka kwa safari zile zile, daftari litasema kabla ya fundi.